Mgongo Uliokataa Kupumzika

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kwaya, mmeniona nimeingia kwa miguu yangu mwenyewe. Hilo ndilo nimekuja kusema, na mnanijua, kusubiri siwezi.

Nilipomaliza kidato cha nne nilinunua raba za mitumba, nikawa nakimbia kila asubuhi ufukweni. Mgongo ukaanza kuuma. Kila mtu akasema ni mbio, na mimi nikakubali. Maduka ya dawa siku hizi yamefunguliwa kila kona, nikanunua vidonge, nikaendelea kukimbia.

Ndugu zangu, maumivu ya mbio nayajua: ukilala, nayo yanalala. Haya nikilala ndiyo yanazidi. Shuka linalowa jasho, sketi zinanivuka. Wenzangu wakanisifu nimepata mwili wa mwanariadha. Nikafurahi, mjinga mimi.

Shangazi yangu amezaa mapacha, na mnajua kwetu mama wa mapacha ndiye anayekanyaga mgongo unaouma. Nikalala kifudifudi kwenye mkeka, akanikanyaga kwa upendo wote. Wiki ileile miguu ikafa ganzi. Nilijaribu kukimbia, nikadondoka mchangani kama gunia la mihogo.

Shangazi akanipakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka hospitali. Tabibu, mama mmoja mpole, akauliza habari za homa, jasho, kukonda, na kama haja ndogo inatoka vizuri. Akanigonga mgongo kidogo tu, nikaruka.

"Mwanangu, nani alikuambia hizi ni mbio?"

"Wote, mama."

"Na mgongo wenyewe ulikuambia nini?"

Akanipeleka kupigwa picha ya mgongo.

Picha ikaonyesha kifua kikuu kimekaa kwenye pingili za mgongo. Mimi, ambaye hata kukohoa sikukohoa. Tabibu akasema ningechelewa zaidi, pengine nisingetembea tena. Shangazi alilia kuliko mimi.

Dawa ni kila siku, miezi na miezi, kwa mtu kama mimi asiye na subira. Nilipopata nafuu nikataka kuacha. Shangazi akakaa mlangoni mpaka nimeze.

Nikamaliza. Na Jumamosi iliyopita nilikimbia ufukwe mzima. Bata wa watu walinipita, lakini nimekimbia!

Asante tabibu. Asanteni mlionichotea maji. Na wewe unayekimbia: mgongo ukiuma hata umelala, ukitoka jasho, ukikonda, miguu ikifa ganzi, usisubiri. Nenda ukapimwe.

Shangazi, simama wakuone. Siku hizi akiletewa mgongo, anauliza kwanza maswali yote ya tabibu kabla hajavua kandambili. Mwezi huu wawili hakuwakanyaga. Amewapeleka hospitali.