Mshale wa Baba Vicky

Nyuma ya maduka ya sufuria, upande wa Mtaa wa Msimbazi, kuna benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Wenyewe wanaliita Bungeni. Hapo Hajira huuza kahawa na kashata, na wanaume ambao maduka yao yanaangaliwa na wake zao huja kutengeneza nchi. Siku hiyo Winifrida alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba, akaenda moja kwa moja mpaka alipoketi mumewe. Eliakimu alikuwa amevaa miwani ya wachomeleaji, kipande cha ngozi kiganjani, anachonga kitako cha chupa ya bia kuwa kichwa cha mshale. Asubuhi binti yao Vicky alishika mlango wa friji, ikampiga shoti, akaanguka chali, ila aliinuka salama. Winifrida alikuwa ameshapita uani, akakuta waya wa ethi, ule unaozuia shoti, umekatwa.

— Baba Vicky, ule waya mnene wa shaba uliokuwa unaingia ardhini uko wapi?

Eliakimu hakuficha. Aliinua kijiti chenye ncha ya shaba, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

— Si huu hapa! Shaba safi, mama Vicky. Kwanza unasugua ukingo wa kioo kwenye jiwe usivunjike ovyo, halafu unabana na hii ncha. Kibanzi kinaruka chembamba kama gamba la samaki. Msumari wa chuma unateleza, unaharibu kazi yote.

— Mtoto amepigwa shoti.

— Nimesikia, masikini. Alikuwa amevaa kandambili?

Winifrida alishika kiuno. Tangu mume huyu ajifunze kwenye simu kuchonga zana za enzi za mawe, jiwe lake la kusagia pilipili limekuwa nyundo, na vipande vya kioo Winifrida anavitoa mpaka kwenye mashuka. Yote hayo aliyanyamazia. Lakini mtoto chali sakafuni?

Tarsis, anayeitwa Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa, alikohoa.

— Shemeji, punguza munkari. Hapa hamna kesi. Waya ulikuwa umezikwa. Kitu kilichozikwa hakina mwenyewe.

— Kwa hiyo na marehemu wenu nije nichukue?

Hajira alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Beno, fundi viatu anayejiita Injinia, ambaye ndiye aliyetoa ile ngozi, akaona zamu yake imefika.

— Kosa ni la friji. Ile ni mtumba wa Ulaya, imezoea baridi. Joto hili la Bongo lazima liipandishe hasira.

— Friji ina miaka kibao ndani, Injinia. Imekuja kukasirika wiki hii?

— Basi ni umeme wenyewe, alidakia Wakili. Zamani ulikuwa unatoka kwenye maji, umepoa. Sasa wanautoa kwenye gesi. Gesi ni moto, shemeji! Unategemea nini?

Eliakimu alivua miwani, akasimama.

— Hiyo ethi yenyewe wameleta wakoloni! Wazee wetu wa enzi za mawe waliishi maelfu ya miaka kwa jiwe tu. Umesikia mmoja kafa kwa shoti? Sisi, wajukuu wa watu waliojichongea mishale, leo tunanunua mpaka vijiti vya kuchokolea meno! Mimi narudisha heshima.

— Sema, kaka! Injinia naye akapandwa na jazba. Siku dunia nzima ikizimika umeme, tutakaobaki hai ni sisi wa Bungeni. Tutawinda hapo hapo bonde la Jangwani.

— Mtawinda nini? aliuliza Winifrida. Bajaji?

Wakati huo akatokea Kanubhai, mwenye nyumba wao, amefuata kahawa.

— Mshitakiwa huyo! Wakili alipiga kelele. Nyumba yake inapiga watoto shoti!

Kanubhai alimpa Winifrida pole kwanza. Kisha akasimuliwa yote, gesi, wakoloni na Jangwani. Akaomba kile kijiti, akakigeuzageuza juani.

— Kizuri. Na hao watu wa enzi za mawe walichonga hivi hivi?

— Hivi hivi! Hakuna kilichobadilika, alijibu Eliakimu.

— Shaba walitoa wapi?

Eliakimu alivaa tena miwani. Injinia alichukua kile kipande chake cha ngozi, akaanza kukikunja. Wakili alinyoosha kikombe aongezwe. Hajira akatikisa birika, halikuwa na kitu.

Winifrida alichukua kijiti mkononi mwa Kanubhai, akakitia kwenye mkoba.

— Fundi anakuja jioni. Anataka akute shimo refu pale kando ya ukuta, azike ethi upya. Utachimba wewe.

— Nichimbe na nini? Mpini wa jembe ndio nilioukata kuchonga hicho kijiti.

— Mawe si unayo?