Gunia la Papa Alexis Lofemba

Ndugu, jamaa, majirani wa Lubunga, na ninyi mliovuka mto asubuhi hii, familia inawaomba mkae, tena mnyamaze kidogo, kwa sababu safari ya mtu inasimuliwa mara moja tu mbele ya mwili wake.

Papa Alexis, ambaye karatasi za serikali tangu mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa, zinamwita citoyen, yaani raia, Lofemba Botoko, lakini leo tunamzika kwa jina alilobatizwa, alizaliwa Yanonge tarehe 12 Aprili 1926, akasoma kwa wamisionari mpaka baba yake alipofariki mwaka 1940, na tarehe 3 Machi 1946 akaingia kazi ya reli hapa Lubunga, akawa fundi wa mabehewa mpaka ugonjwa ulipomtoa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, wenzake wa kazi wako hapa, watusahihishe kama tunadanganya.

Tarehe 7 Julai 1951 alifunga ndoa na Mama Angélique katika parokia ya Isangi, wakajaliwa Constant tarehe 20 Februari 1953, na Julie tarehe 11 Juni 1958. Constant alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa na degedege, mwili ukapona, akili ikabaki pale pale, akakua mrefu, mwenye nguvu, anacheka na kila mtu, lakini hajui hatari ya moto, wala ya mto, wala ya treni. Mama Angélique ndiye aliyekuwa macho yake, na Mama alipofariki tarehe 9 Mei 1970, hofu iliingia katika nyumba ile, haikutoka tena.

Tuseme wazi, kwa sababu majirani waliona, kwamba mwaka ule Papa alimfunga mwanawe kwa kamba kiunoni, kwenye nguzo ya jikoni, kila alipokwenda kazini, maana watu walikuwa wamekwisha kumtoa relini zaidi ya mara moja, na jirani yetu Mama Safi ndiye aliyemlisha mchana. Jioni Papa alifungua kamba, akampaka mawese pale ilipomchubua, naye baba mtu akilia.

Tarehe 4 Oktoba 1971 masista wa Kabondo walimpokea Constant katika nyumba yao ya watu wa namna yake, na Sista Françoise alimweleza Papa bila kumficha kwamba mtu kama huyu ana vinywa viwili, chake na cha yule anayemlinda mchana na usiku, na mlinzi naye ana watoto nyumbani, donc, ndiyo kusema, nyumba haiishi kwa sala peke yake. Papa akakubali ada, na juu ya ada gunia la kila mwezi, mchele, makayabo, wale samaki wa chumvi, mawese na sabuni. Kila Jumamosi ya kwanza alivuka mto na pirogue, mtumbwi wa kasia, akapanda kwa miguu mpaka Kabondo, gunia begani, na Constant alikuwa anamngojea mlangoni, anamnusa kwanza shingoni, ndipo anapokea mzigo.

Lakini miaka ikachacha, mshahara ukasimama na soko likapanda, na Desemba 1979, noti zilipobadilishwa, akiba ya Papa iligeuka karatasi ya kuwashia moto. Masista wenyewe walikuwa wanapunguza chakula, wakamwambia kwa huzuni kwamba nyumba inaelemewa, na Papa akaanza kuiota ile kamba.

Tarehe 16 Agosti 1980 Julie aliolewa na Emile, kijana anayepakua mizigo kiwanja cha ndege cha Bangboka, na ninyi nyote mnajua desturi, mahari ya dada ni ya kaka, aoe nayo. Ukoo ulitaka mahari ile iende kwa mpwa wa Papa, mwenye kuoa kweli, Papa akakataa, akasema kaka ni Constant, hataoa, basi itamlisha, akaipeleka yote Kabondo. Wazee wa Yanonge walikasirika, wakasema mahari ya ukoo imeliwa na masista, wengine hawakukanyaga kwake mpaka msiba huu.

Januari 1983 tumbo lilianza kumvimba, akaendelea kubeba gunia, akipumzika njiani kila penye kivuli, na tangu Septemba, kitandani hospitalini, hakuuliza juu ya dawa, aliuliza nani atabeba gunia. Alifariki Jumanne, tarehe 1 Novemba 1983, alfajiri, akiwa na miaka hamsini na saba, hajajibiwa.

Jana wazee walikaa, mahari ilikuwa imekwisha, wakakata shauri Constant apelekwe Yanonge, na mmoja akasema kamba hazikosekani kule. Julie alilia. Ndipo Emile, ambaye kama mkwe hana sauti katika kikao cha ukoo, alisimama akasema: “Bon, bazee, muniskie. Constant alikula mahari yangu, niko na bibi na batoto sababu yake. Shemeji mwenye alikula mahari yako, haumuache alale inje. Gunia, mimi nitabeba.” Wazee wakakubali Constant abaki Kabondo, kwa maana desturi ni ile ile waliyomkasirikia nayo marehemu.

Mshahara wa Bangboka tunaujua, hautoshi, na hofu bado iko nasi, kwa hiyo atakayeweza kuongeza kikombe cha mchele asione haya. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa reli waliotengeneza sanduku hili, Mama Safi, na masista waliomleta Constant. Mnamwona pale, hatazami sanduku, anatazama mlango, anamngojea baba yake.

Papa Alexis, Jumamosi ya kwanza ni keshokutwa. Shusha gunia, bega limepatikana, upumzike kwa amani.