Mshono wa Upande wa Baridi

Leo maduka ya vipuri ya Buyenzi yamejaa mipira ya turbo, yale mabomba ya hewa ya malori, ya kila kipimo, imefungwa kwenye nailoni kama peremende, lakini miaka minne iliyopita malori yaliyopanda mlima wa Bugarama yalishikiliwa na uzi wa mwanamke tunayemzika leo.

Marehemu Concilie Nibaruta alizaliwa Nyakabiga tarehe 12 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mzee Bonfils, mpagazi wa bandarini, na mama Marguerite. Mimi Astère, kaka yake mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nyakabiga hadi mwaka 1969, kisha akajifunza kushona kwa masista miaka miwili. Sista mmoja alimfumulisha aproni ile ile mara saba kwa sababu ya mshono uliopinda upande wa ndani, ambako hakuna anayetazama. Concilie alilia, akashona mara ya nane. Mambo hayo yamekwisha. Siku hizi mtu anapewa cheti na hakuna anayegeuza nguo kuangalia ndani.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na Salvator Ntirandekura, dereva wa lori la trela, mtu mpole aliyepiga honi mara moja tu akifika kona ya nyumbani. Walijaliwa watoto wawili, Joëlla na Loïc.

Kwa miaka mingi alishona sare za shule. Vikwazo vya biashara vya nchi jirani vilipokuja mwaka 1996, vipuri viliadimika, na madereva wakaanza kumjia. Wasiojua magari waelewe hivi: turbo husukuma hewa ya moto, hewa hiyo hupita kwenye rejeta ya hewa mbele ya lori ili ipoe, ndipo iingie kwenye injini. Mpira unaoileta kwenye rejeta, upande wa moto, au ule unaoitoa, upande wa baridi, ukipasuka, lori hukosa nguvu mlimani. Na wakati ule lori lililokosa nguvu liliachwa na konvoi, msafara uliolindwa na askari, na lililoachwa na konvoi lilikuwa mali ya wenye bunduki.

Concilie alikata mpira wa ndani wa tairi, akauvika turubai tabaka tatu, akashona kwa uzi wa nyavu uliopakwa nta. Mimi, fundi wa malori, niliziba ncha zote mbili na kujaza upepo. Yeye alipaka maji ya sabuni. Povu likitokea hata kidogo, alifumua. Mpira wa zamani uliopasuka aliutundika msumarini ukiwa na jina la dereva, na hakuutoa mpaka dereva mwenyewe arudi.

"Mama Joëlla, suruali ya lori iko tayari?" walimtania.

"Iko tayari. Lakini ukipanda kama mulevi, ikipasuka utaivaa we!"

Na kila mara aliniambia mimi: "Kaka, hii ni ya upande wa baridi. Ku turbo apana, itaiva."

Jumatano tarehe 22 Oktoba 1997 lori la Salvator lilikuwa na mipira miwili mibovu. Nilikuwa na mmoja wa kiwandani na mmoja wa Concilie. Ule wa kiwandani haukukubali kuingia kwenye turbo, na konvoi ilikuwa imekwisha kupanga mstari. Niliuweka upande wa baridi, na wa Concilie nikaukaza upande wa moto. Sikumwambia Salvator. Sikumwambia mtu. Mimi, ninayewasema vijana kila siku.

Lori liliishiwa nguvu kabla ya Bugarama. Konvoi haikungoja. Salvator aliuawa hapo, akiwa na miaka arobaini na sita.

Lori lilipovutwa kurudi mjini, niliufungua mpira ule. Raba ilikuwa imeiva na kutoboka katikati. Uzi ulikuwa mzima. Niliuficha chini ya kitanda changu. Kwenye matanga watu walinong'ona: "Amemushonea bwana yake sanda." Nilisikia, nikanyamaza. Concilie naye alisikia. Alifunika cherehani, hakushona tena hata kifungo, na jina la Salvator halikutoka msumarini.

Mwezi Februari mwaka huu aliugua uvimbe wa tumbo, ukamla haraka. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Juni 2001, asubuhi, nyumbani kwake Nyakabiga.

Ameacha watoto wake wawili, mjukuu mmoja, Chanelle, na mimi kaka yake. Mungu ampe sasa amani ambayo kimya changu kilimnyima kwa miaka mitatu na nusu. Na ninyi mliosema habari ya sanda, mmesikia.

Mara ya mwisho nilimwona Alhamisi, siku mbili kabla hajafariki. Nilimpelekea mpira ule, nimeufunga kwenye gazeti. Aliushika kwa mikono miwili.

"Uliutia wapi?"

"Ku turbo."

Hakunitukana. Alipitisha ukucha juu ya mshono, polepole, kutoka ncha hadi ncha, kisha akaugeuza na kuangalia ndani. "Haukukatika," alisema. Akamwita Joëlla, akashika kidole cha binti yake na kukiweka juu ya uzi. Halafu akaniambia, bila kunitazama:

"Sasa toka, kaka."