Kitenge cha Nesi

Kwenye basi la kwenda Erdington, huku ughaibuni, kiti cha mbele yangu, baba mmoja wa Kikongo alikuwa akimwonyesha dada wa Kikenya mwenye sare ya hospitali picha ya kitenge. Hawakujuana, Kiswahili tu ndicho kilichowaweka kiti kimoja.

"Familia yote tunashonesha hiki kwa mahafali, mama. Binti yangu Merveille ameanza foundation degree, digrii fupi ya hospitali. Miaka mbili, anatoka infirmière, nesi kamili. Kanisani nilishatoa ushuhuda."

Dada akamrudishia simu. "Baba, ngoja. Hiyo ya miaka miwili haimfanyi nesi. Atakuwa nursing associate, chini ya nesi. Mimi ni nesi, nafanya nao kazi kila siku. Akitaka unesi, lazima aendelee kusoma."

"Seigneur, Mungu wangu!" baba akapaza sauti. Basi zima likageuka, hata wasiojua Kiswahili. "Na ile HND, diploma ya uhandisi wa reli aliyoitaka, nikamkatalia?"

"Ulimkatalia kwa nini?"

"Nilisema mashine ni za wanaume." Akaziba mdomo kwa kiganja, kisha akakishusha. "Haya unayoniambia, Merveille aliniambia. Nikaita kanisa lote limwombee, roho ya uongo imtoke."

Tukafika kituo cha mwisho, dereva akazima injini. Hakuna aliyenyanyuka, hata mimi niliyepitwa na kituo changu zamani.