Vazi la Taifa la Karani Mativo

Benchi la Mama Mbeti, muuza kahawa, lilikuwa nyuma ya soko la Jericho, miguu mitatu na tofali moja, nalo lilikuwa limebeba maneno mengi kuliko makalio. Uhuru ulikuwa unaelekea miaka kumi na mitatu. Jioni ile ya Julai baridi ilikuwa inauma, birika la kahawa ya tangawizi linafuka jikoni, na Mativo, ambaye kijiwe kizima kilimwita Karani kwa sababu ya kazi yake ya ofisini, alikuja na mzigo moyoni. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwa bintiye Ndindi, na mwalimu mkuu ameagiza kila mzazi aje na vazi la taifa. Ndindi alikuwa ameshatangaza darasani kwamba baba yake atawashinda wote. Mwalimu hakumtisha Mativo hata kidogo. Alichoogopa ni kumwona mtoto wake akiinamisha kichwa mbele ya wenzake.

— Sasa vazi ya taifa ni gani? Niambieni, nyinyi wajuaji.

— Vaa kanzu, alisema Lusweti wa kiwanda cha sabuni, aliyeitwa Bunge kwa kuwa hakuna hoja iliyowahi kumpita.

— Kanzu ni ya Waarabu, alimkata Kilonzo, mchonga vinyago, jina la kijiweni Makumbusho.

— Basi kitenge.

— Kitenge imeandikwa Japani pale kwa pindo. Nimesoma na macho yangu.

— Suti ya Kaunda!

— Hiyo ni ya Zambia, bwana. Kwani Karani amekuwa balozi?

Makumbusho akapiga funda la kahawa, akakohoa kama hakimu.

— Ni ngozi ya mbuzi. Ngozi, shanga, mkuki. Mwacha mila ni mtumwa. Hao watu wa ngozi nawachongea watalii kila siku, nawajua.

— Umewahi kuona hata mmoja?

— Kwa kalenda.

Mama Mbeti alicheka nusura amwage kikombe.

— Wacheni mchezo, alisema Bunge. Sikiza, Karani. Vazi yetu ni bendera. Mguu moja ya suruali nyeusi, ingine kijani, shati nyekundu, na ngao hapa kwa tumbo. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na nikiketi? Si nitakuwa nimekalia taifa?

— Usiketi! Ni siku moja tu!

Mativo alicheka pamoja nao, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni. Pembeni aliketi mgeni, Patrobas, aliyehamia mtaani juzi, akipuliza kikombe chake.

— Samahani wazee, alisema. Huyu Karani, siku baba yake alimpeleka shule mara ya kwanza, mzee alikuwa amevaa nini?

Bunge na Makumbusho wakamgeukia Mativo. Mativo aliliona akilini lile koti la kijeshi, zito, ambalo baba yake alirudi nalo kutoka vita vya Burma. Aliliona likimtangulia kwenye umande, njia nzima hadi mlango wa shule. Na sasa lilikuwa nyumbani kwake, juu ya kitanda cha Ndindi, kwa sababu blanketi peke yake haliwezi Julai.

Jumamosi alasiri alirudi kijiweni akiwa amelivaa, vifungo vikimetameta kwa kazi ya mkewe Nthambi.

— Karani! Bunge aliruka. Hiyo si koti ya Mfalme wa Uingereza? Sisi tumewafukuza, wewe unawarudisha na vifungo!

— Mwalimu alisema nini? aliuliza Makumbusho.

— Aliuliza hii ni ya kabila gani. Nikakwama. Ndindi akasema, "Ni ya babu yangu!" Akanishika mkono, akanizungusha uwanja mzima, kila mtu aone.

— Lakini ni ya Mfalme, Bunge alishikilia.

— Ndiyo. Mfalme alipatia mtu moja. Huyo mtu akatufunika nayo watoto sita.

Mativo akapangusa macho bila kujificha.

— Asante, baba, alisema kwa sauti, na wote wakasikia.

Mama Mbeti akainamisha birika juu ya kikombe cha Bunge. Yakatoka matone tu, kahawa imekwisha, na hakuna aliyeinuka. Bunge akasogea karibu na Mativo, akashika pindo la lile koti, akalivuta polepole juu ya goti lake mwenyewe.

— Hii Julai ni mbaya, alisema. Leta hiyo taifa huku kidogo, Karani.