Shingo Haikunyooshwa kwa Debe

Kabla sijasema lolote, niangalieni. Nageuka kulia, namwona katekista. Nageuka kushoto, nawaona akina mama wa kwaya. Chekeni tu, lakini kuna wakati nikitaka kumsalimia mtu aliye pembeni yangu ilibidi nizungushe mwili mzima kama fisi. Leo nageuka! Mungu apewe sifa, nami nipewe dakika chache.

Ndugu zangu, yalianza mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa. Nyumba tulikuwa nazo, mashamba ya pamba tulikuwa nayo, ila kisima kilibaki kule tulikotoka. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi na nilitaka sifa. Wenzangu walijitwika debe moja la maji. Mimi debe, na juu yake ndoo, mikono nimeiachia, natembea naimba. Wanawake wenzangu mnaijua raha hiyo, kusikia watu wanasema ukweni wamepata mtu.

Asubuhi moja nikaamka shingo imepinda. Maumivu yakashuka begani, yakapita mkono wa kulia hadi kidole gumba, kama natafunwa na siafu. Mwenye akili angepumzika. Mimi nikasema, shingo hii imezoea mzigo, imepinda kwa kulala, nikiitwika itanyooka. Nikajaza debe hadi juu. Nyumbani sikufika. Njiani mkono ulikufa ganzi, debe likaanguka, nami nikaketi kwenye tope nikalia.

Mume wangu alinipandisha lori la pamba hadi hospitali ya misheni. Daktari akanipiga picha, kisha akanipa mkono wake niubane. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akauliza, "Umeshaanza?"

Akanieleza kwamba kati ya mifupa ya shingo kuna vigodoro, na vyangu viwili vimechomoza, vinabana mishipa ya fahamu. Nikipumzika na kufanya mazoezi, huenda vikatulia. Mkono ukizidi kulegea, ni safari ya Dar es Salaam kupasuliwa shingo. Nawaambia kweli, niliogopa sana. Nitalimaje bila mkono? Mtoto nitakayemzaa nitamshikaje?

Wakanilaza wiki tatu, kichwa kimefungwa mkanda unaovutwa na mfuko wa mchanga uliotundikwa nyuma ya kitanda. Nikatoka na kola ya shingoni na amri moja: kichwani usibebe kitu.

Nilitii wiki moja. Hakuna aliyenisema, lakini kila nilipomwona mama mkwe akijitwika debe, aibu ilinila. Nichotewe maji na mama mkwe, mimi kijana! Siku moja alipokwenda shamba nikavua kola, nikachukua ngata yangu ya kichwani, nikanyemelea kisimani. Niliporudi, mkono haukuweza kushika hata mwiko.

Mama mkwe akanikuta nahangaika na ugali kwa mkono wa kushoto. Akaitazama ngata, mbichi kwa maji, akajua. Hakugomba. Aliiokota, akaisukumiza motoni chini ya chungu.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "sisi tulitoa ng'ombe tukupate wewe. Punda tungemnunua mnadani."

Nikaanza kusema watu watasema. Akanikatiza. "Watu gani? Hawajasema bado, na wewe umeshapooza kwa ajili yao!"

Kisha akatoka kwenda uani, alikokaa mume wangu na rafiki zake, akatangaza mbele yao: "Mkeo habebi tena. Mimi nimezeeka. Hebu nihesabieni, amebaki nani?"

Kesho yake mume wangu akafunga madebe mawili kwenye baiskeli. Kisimani wakamcheka, mwanamume anachota maji! Akawajibu, "Chekeni huku mnanipandishia debe." Kabla ya msimu wa pamba kwisha, baiskeli zilikuwa nne kwenye foleni.

Mimi nikawa nalala bila deni moyoni. Asubuhi na jioni nilirudisha kidevu nyuma, nilisukuma paji la uso kwa kiganja, nilizungusha mabega, hata kuku walinizoea. Mwezi wa pili wa mazoezi nikakamua kanga iliyolowa. Maji yakachuruzika! Nikapiga vigelegele peke yangu, majirani wakaja mbio wakidhani pana mtoto amezaliwa. Niliporudi hospitali daktari akanipa mkono, nikaubana. "Basi, mama, basi," akasema, "mkono huu ndio ninaofanyia kazi." Kisu hakikunigusa, na watoto watatu nimewalea kwa mikono hii.

Nawashukuru daktari na masista. Namshukuru mume wangu, aliyekubali kuchekwa. Mama mkwe yupo pale mkekani, anajifanya hasikii. Mama, asante. Wewe ndiwe uliyeniponya.

Na ninyi wengine, si kila ugonjwa wa shingo utaisha hivi. Nendeni hospitali, msijitibu kwa debe. Lakini ukiambiwa pumzika, pumzika bila kuona haya.

Nawe mke kijana uliye karibu na dirisha, tangu nianze kusema unajisugua bega. Nimekuona. Mama mkwe wako kaketi hapo mbele, naye amenisikia. Sogea hapa nikushike huo mkono. Leo maji ya kwenu atachota mwingine.