Mama Vidole na Tuta la Kumi na Mbili

Mama Vidole, mtunza bustani wa hospitali yetu, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuchuchumaa. Kung'oa magugu kwa mkono nilimfundisha mimi, mlinzi wa lango, ndiyo maana nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu.

Haya, si kweli. Wenye elimu wote walisema wametingwa na kazi, nikabaki mimi wa darasa la nne. Na Mama Vidole hakufundishwa na mtu. Alikuja anajua.

Bustani yake ni matuta kumi na mawili nyuma ya jiko, ya mchicha, vitunguu na karoti za supu ya wagonjwa. Kila asubuhi, umande haujakauka, alikunja gunia, akapiga magoti juu yake, akazamisha vidole viwili kando ya gugu na kulivuta polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Tulimtania kwamba waganga wakuu watatu wamekuja na kuondoka, yeye bado yuko tuta la pili. Alicheka bila kuinua kichwa. Akifika mwisho, kule alikoanzia kumeshaota tena.

Adui yake ni ndago. Juu ni majani membamba, hata yanapendeza, ila chini yana vipunje vigumu vyeusi. Ukikata juu, vya chini vinashukuru.

Mwaka wake wa nne kazini alikwenda kumzika mama yake. Nami, kwa kupenda sifa, nikachukua jembe la fundi wa hospitali nikalima tuta la kumi na mbili, ambalo ndago ilikuwa pembeni mwake tu, kidogo. Nikavikatakata vile vipunje, nikavitawanya na udongo hadi matuta ya jirani. Wiki mbili bustani iling'aa. Wiki ya tatu ndago ikaota kama nywele.

Aliporudi alitazama matuta, kisha akalitazama jembe lenye udongo lililoegemea kibanda changu. Akakunja gunia lake, akaanza upya. Wakubwa walipomwita kumhoji, nilisimama chini ya dirisha, roho juu. Nikamsikia: "Ndago ni ndago tu, bwana mkubwa. Nipeni muda."

Akapewa muda, na barua ya onyo. Muda wenyewe ndio hii miaka ishirini na saba.

Mwaka juzi wakubwa walichoka kungoja. Wakasema akistaafu ndago ikiwa bado ipo, bustani itamwagiwa zege, wapate pa kuegesha magari. Tangu siku hiyo hajachukua likizo. Magoti yamevimba. Vidole vimepinda, vifungo vya gauni hufungwa na binti yake. Nilimwazima kigoda changu cha langoni, nikawa nasimama mimi, na msaada huo nimeutangaza hadi chumba cha maiti.

Leo matuta kumi na moja ni safi. La kumi na mbili limebaki nusu. Juzi alilitazama, akapangusa mikono, akasema amechoka. Katika miaka yote hiyo, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Wakubwa wamekubali kungoja mvua moja zaidi, mradi apatikane wa kulimalizia. Hajajitokeza mtu.

Dada yangu, asante kwa mboga, na asante zaidi kwa kuninyamazia. Nenda ukae kitako, magoti yapoe, wengine wapike wewe ule.

Ila kile kigoda ni changu, naomba kirudi kabla ya tarehe thelathini. Zamu yangu huanza mchana, asubuhi sina kazi, na mwaka mmoja umebaki nami niondoke. Jembe nimemrudishia fundi. Tuta la kumi na mbili nitalimaliza mwenyewe, kwa vidole, lakini magoti yangu hayawezi gunia.